Jogoo Mkubwa ni wa Mgeni

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto si harufu nzuri, na sitadai kwamba ni nzuri eti kwa sababu inanikumbusha utoto. Ni harufu nzito, ya ubichi, inayokaa kwenye vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni. Siku hizi naikuta sokoni Manundu, Korogwe, pale wanapochinja na kunyonyoa kuku huku mteja anasubiri, na kila nikipita hapo miguu hupunguza mwendo yenyewe. Nikiwa na mtu hudhani nachagua kuku wa kununua. Kumbe mimi nimekwisha fika Handeni, uani kwa bibi yangu, meno ya mbele yameng'oka, nimeshika sufuria la maji ya moto kwa kitambaa na ninangoja kuambiwa pa kuyamwaga.

Bibi, mama yake baba, aliolewa akitokea Kilole, Korogwe. Alikuja kwa mumewe na sanduku, mkeka na tenga la kuku. Kwao ndivyo ilivyokuwa: siku binti anapoondoka, mama yake humfungia kuku wa mbegu, jogoo na mitetea, ili huko aendako asianze maisha kwa kuomba yai kwa mawifi. Kuku hao wa Kilole walikuwa wakubwa. Nimesikia habari zao mara nyingi hata naweza kuapa kwamba niliwaona, ingawa sikuwaona. Kwa maelezo ya Bibi, jogoo wao alikuwa akisimama tu, bila kuruka, anachungulia kilichomo ndani ya chungu kilicho mekoni. Bibi alikuwa mkweli kwa kila jambo isipokuwa kuku na umri wake. Lakini hata ukipunguza nusu ya maneno yake, bado walikuwa kuku wa maana.

Binti zake wakubwa walipoolewa, kila mmoja aliondoka na tenga la mbegu hiyo. Alibaki Shangazi Mwajabu, kitinda mimba, aliyekuwa akikaa nasi na kunisuka nywele kwa kuzivuta kama anafunga mzigo. Bibi alikuwa na jambo moja lililomnyima raha, na alilisema mbele ya yeyote aliyekubali kukaa chini: Mwajabu naye lazima atoke nyumbani na kuku wasiomtia aibu ukweni.

Shida ni kwamba nilipoanza kupata akili ya kutazama mambo, kuku wakubwa hawakuwapo tena. Uani kwetu walikuwamo kuku wadogo, wa madoadoa na wa rangi ya vumbi, wenye miguu myembamba, wepesi wa kukimbia na wagumu kushikwa. Bibi akiwamwagia chenga za mahindi asubuhi aliwatazama kwa masikitiko, kama mtu anayewatazama watoto wa ndugu yake waliokosa malezi.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa. Zamani kila ukoo ulikaa peke yake, nyumba hapa, nyingine ng'ambo ya kijito, katikati vichaka na mihogo. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari, vichaka vikafyekwa, na asubuhi mtu aligonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini kutuambia muda wa shamba la ujamaa umefika. Tulipata shule karibu, na mimi naishukuru, maana bila hiyo nisingekuwa naandika haya. Tulipata pia wageni. Kijiji chetu hakikuwa mbali na barabara ya Kabuku na kilisemwa vizuri kwenye mikutano, kwa hiyo watu walikuja kukitazama: maofisa wa wilaya, watu wa Chama, wanakijiji wa mbali waliokuja kujifunza kwetu na wengine waliokuja kutufundisha. Sidhani kama kuna wiki iliyopita bila mgeni.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni alipofika, balozi mwenye zamu ndiye aliyemtafutia chakula, na chakula cha mgeni ni jogoo. Tena si jogoo yeyote. Ni yule mkubwa kuliko wote waliopo uani. Hakuna aliyetufundisha hili, tulizaliwa tukalikuta. Kumpa mgeni jogoo mdogo huku mkubwa anatembea mbele ya macho yake ni tusi. Afadhali umpakulie mlenda, useme huna kuku.

Kuhusu kupungua kwa kuku, kila mtu alikuwa na sababu yake. Bibi alisema ni ardhi. Kijiji kipya kilikuwa na udongo mwekundu uliochoka, na kuku hukua kwa ardhi. Wazee wengine walisema tumeyaacha makaburi kule tulikohama, kwa hiyo hata kuku wamekosa baraka. Mama alisema wanakula kidogo na kukimbizwa sana na watoto, huku akinitazama mimi. Mimi nilikuwa na maelezo yangu ambayo niliyaona bora kuliko yote: kuku wamejifunza. Wameona wenzao wakubwa wanachinjwa, wakakaa wakashauriana wasikue. Nilimwambia Bibi, akanicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Alikuwa akiniita mke mwenza, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na siku ile alisema, "Mke mwenza, kama kuku wangekuwa na akili ya kushauriana, sisi ndio tungekuwa ndani ya tenga."

Basi akaja Bwana Mifugo. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa mifugo wa wilaya, mtu mwembamba, mpole, aliyependa kazi yake na kuvaa soksi ndefu hata kwenye jua kali. Alishusha kutoka kwenye Landrova masanduku ya mbao yenye matundu, na katika kila sanduku alikuwamo jogoo mweupe pepe, miguu ya manjano, na juu ya kichwa upanga mwekundu mnene ulioangukia jicho moja. Akaeleza mkutanoni kwamba majogoo hao ni wa mbegu, si wa kula. Kila nyumba kumi zitapewa mmoja. Ili mbegu ikamate vizuri, majogoo wetu wadogo wachinjwe wote, mweupe apande peke yake. Tulikubali kwa makofi. Baada ya mkutano hakuna aliyechinja hata mmoja, maana nani anamchinja jogoo bila mgeni?

Jogoo wa nyumba zetu kumi alikabidhiwa kwa Baba, Baba akamkabidhi kwa Bibi. Sijapata kumwona Bibi mwenye furaha kama jioni ile. Alimshika yule jogoo, akampima uzito kwa mikono, akafungua bawa lake na kulifunga, kisha akamwambia Shangazi, "Mwajabu, tenga lako limepatikana." Shangazi aliona haya akakimbilia jikoni. Sisi watoto tulimwita jogoo huyo Mkoloni kwa sababu ya weupe wake na mwendo wake wa maringo, lakini Baba akasema jogoo wa serikali huru hawezi kuitwa hivyo, na kwa kuwa siku hizo kila mtu alikuwa ndugu, aitwe Ndugu Jogoo. Jina likakaa.

Kazi yangu ilikuwa kumlinda asiibiwe wala asiliwe na kicheche, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kumtazama. Naomba radhi kwa wasomaji wenye haya, lakini nilikuja kuwa mwalimu wa baiolojia, na kuku wenyewe hawana chumba. Nilichokiona ni kwamba mitetea walikuwa na maoni yao. Palikuwa na kijogoo mwekundu, mdogo, mwenye mkia uliokatika, ambaye hakuna aliyemjali hata kumpa jina. Huyo akimsogelea mtetea, mtetea alikimbia uani kote akipiga kelele za kuomba msaada. Ndugu Jogoo alikuwa na utaratibu mwingine. Akipata punje hakuila. Aliita kwa sauti ya kooni, kok-kok-kok, mpaka mitetea waje wale wao. Kisha alishusha bawa moja hadi chini na kumzunguka mmoja wao, na mtetea yuleyule aliyekuwa akipiga kelele dakika chache zilizopita alichuchumaa mwenyewe.

"Wanapenda upanga mwekundu hao," alisema Shangazi Mwajabu. "Hawana akili."

Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa akitoka kwenda kisimani mara nyingi kuliko maji yalivyohitajika, kwa sababu kijana mmoja wa Kabuku alianza kupita njia yetu na baiskeli yenye kengele mbili na vioo viwili vya kutazamia nyuma, ingawa nyuma yake hakukuwa na gari wala punda. Bibi aliviona vile vioo akaguna tu.

Leo naweza kumjibu Shangazi kwamba mitetea wale hawakuwa wajinga. Jogoo mwenye minyoo, au aliyeanza kuugua kideri, upanga wake hupauka na kulegea. Mtetea hajui minyoo ni nini wala hajasikia habari za kideri. Yeye anapenda wekundu, basi. Lakini kwa kupenda wekundu, vifaranga vyake hupata baba mzima, nao hukua, na majike kati yao hurithi kupenda kulekule. Zamani bila shaka walikuwapo pia mitetea waliopenda majogoo waliopauka. Watoto wao hawakufika mbali, ndiyo maana huwaoni. Hivyo wekundu ukaendelea kupendwa, na majogoo wakazidi kuwa na panga kubwa, mikia mirefu na sauti za kusikika kijiji cha pili. Kuhusu vioo vya baiskeli siwezi kusema kwa uhakika, ila kijana mwenye kuvimudu angalau alikuwa na baiskeli.

Ubaya wa kupendwa namna hiyo ni kwamba mtetea akikuona, na mwingine anakuona. Ndugu Jogoo aliwika juu ya tuta la taka, kifua mbele, na mwewe aliyekuwa juu sana angani alijua kwetu kuna kuku. Vichaka vya kujificha tulikuwa tumevifyeka. Kijogoo mwekundu yeye hakuwika. Wakati mwenzake anapigana na jogoo wa nyumba ya pili kwa ajili ya heshima, yeye alitokea nyuma ya ghala, akafanya lake harakaharaka na mtetea aliyekuwa karibu, akapotea. Nilimwona mara nyingi. Nilimwona mwizi, nikamrushia magunzi.

Siku Bwana Mifugo aliporudi kukagua, Bibi na watu wengi walikuwa shamba la ujamaa. Mimi na Mama tulikuwa nyumbani kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa. Landrova ikasimama, akashuka Bwana Mifugo, na nyuma yake mtu mnene mwenye miwani ambaye tuliambiwa ni mkubwa wake kutoka mkoani, amekuja kuona mpango wa majogoo unavyokwenda. Baba alikuja mbio, jembe begani. Wageni wakakaribishwa barazani, wakapewa maji, wakasalimiwa kwa urefu unaostahili, na zamu ya kulisha wageni ilikuwa ya Baba.

Baba akaja uani akasimama karibu na Mama. Macho yao yalizunguka: vijogoo vya madoadoa, kijogoo mwekundu aliyekuwa tayari amepanda paa la ghala, na katikati ya uwanja, mweupe kama shuka ya sikukuu, Ndugu Jogoo. Ukiwa barazani ulimwona vizuri kabisa. Kama hiyo haitoshi, akajikung'uta na kuwika.

"Ana sauti huyo!" alisema mkubwa kutoka mkoani.

Mama alinong'ona, "Baba Rehema, usifikirie hilo. Huyu ni wa serikali."

"Na mgeni ni wa nani?" alinong'ona Baba. "Mtu ametoka mkoani, mimi nimpe kile kidogo, na huyu anamwona kwa macho yake? Atasema nini kuhusu sisi?"

Nami nawaambieni kwa haki kabisa, nikikumbuka sura ya Baba dakika ile, kwamba hakuwa mjinga na hakusahau. Alijua jogoo ni wa mbegu. Alijua Bibi anamtaka kwa ajili ya tenga la Mwajabu. Lakini mgeni alikuwa ameketi pale, na mikono ya Baba haikujua njia nyingine ya kumkaribisha.

Mama aliita, ti-ti-ti-ti, kama anavyowaita kuwapa chenga. Vijogoo wadogo, ambao sauti hiyo waliijua na hawakuiamini, walitawanyika chini ya ghala na nyuma ya choo. Ndugu Jogoo, aliyelelewa kwenye banda la serikali na kulishwa kwa mkono, alikuja mwenyewe hadi miguuni kwake. Baba akasema bismillahi. Mimi nililia, lakini nililia huku nachemsha maji, maana hakuna aliyeniambia niache.

Wageni walikula vizuri sana. Mkubwa kutoka mkoani alisifu mchuzi, akasema kuku wa kijiji hiki wana nyama. Bwana Mifugo alichokonoa meno kwa kijiti, akajinyoosha soksi, akasema kwa furaha, "Haya, sasa twendeni tukamwone yule jogoo."

Baba alitazama chini.

"Ndugu," alisema Baba, "mmekwisha kumwona."

Mkubwa yule alielewa kwanza. Alitazama mifupa sahanini, akamtazama Baba, akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani. Bwana Mifugo hakucheka. Alikaa na kijiti mkononi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Mwishowe akasema taratibu, "Mimi nilikiletea kijiji mbegu, sikuleta mboga." Kumbe, kama tulivyosikia baadaye, watu wa nyumba kumi za upande wa pili nao walikuwa wamekwisha mchinjia mgeni jogoo wao, na mgeni huyo alikuwa Bwana Mifugo mwenyewe, katika ziara iliyotangulia. Alikula bila kuuliza.

Bibi alirudi jioni. Hakuna aliyethubutu kumwambia, lakini manyoya meupe yalikuwa nyuma ya jiko, na harufu ile ilikuwa bado kwenye vidole vyangu. Aliweka jembe chini, akaketi kwenye kinu kilicholala, akaokota unyoya mmoja.

"Mwajabu ataondoka na nini?" aliuliza.

Hakumuuliza mtu. Baba alisimama mlangoni, mtu mzima na balozi wa nyumba kumi, na akawa mdogo kuliko mimi. Bibi hakumgombeza. Nadhani ingekuwa afadhali angemgombeza.

Hata hivyo mtetea mmoja alikuwa ameatamia. Bibi alimlinda kama mgonjwa. Alimpelekea maji mwenyewe. Vifaranga vilipototolewa, nusu vilikuwa vyeupe, watoto wa Ndugu Jogoo bila shaka yoyote, na nusu vilikuwa vya madoadoa na vyekundu, na ukitaka kujua baba yao ni nani uliza nyuma ya ghala. Tulifurahi kwa vile vyeupe. Mwewe naye alifurahi. Kwenye uwanja uliofyekwa, kifaranga cheupe huonekana kutoka mbali sana, na kifaranga chenye rangi ya vumbi kikilala chini hata mimi niliyesimama karibu nilikuwa nakitafuta. Tulipiga madebe, tulipiga makelele, tulitundika vitambaa. Kila mwewe aliposhuka, alipanda na cheupe. Mwishowe alibaki mweupe mmoja, dume, ambaye Bibi alimlaza ndani, chini ya kitanda chake.

Huyo alikua. Hakufikia ukubwa wa baba yake lakini aliwapita wote uani, na Bibi akaanza tena kulitazama tenga lililotundikwa ukutani. Ndipo watu wa Kabuku walipoleta posa.

Walikuja wazee wanne na mama mmoja, wamevaa vizuri, na kijana mwenye baiskeli hakuwapo kwa sababu haifai awepo. Wakakaa barazani. Bibi alitoka nje, akasimama uani, nami nilisimama karibu naye. Yule jogoo kijana mweupe alikuwa akichakura karibu na kinu. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua kwamba kama yuko mtu mmoja duniani ambaye hatamgusa, ni Bibi.

"Mke mwenza," akasema, "kamwite baba yako aje na kisu. Wakwe hawawezi kulishwa kile kidogo."

Shangazi Mwajabu aliolewa baada ya mavuno, na tenga lake lilikuwa na mitetea wa madoadoa pamoja na kijogoo mwekundu mwenye mkia uliokatika. Tulimpata kwa kumvizia usiku akiwa amelala juu ya boriti, maana mchana asingeshikwa. Bibi alilifunika tenga kwa kanga mpya, ikafunika hadi matundu, ili watu wa njiani wasione kilichomo. Alimwambia Shangazi, "Nisamehe mwanangu, ardhi hii imenishinda." Alilia, na hakulia kwa sababu binti anaondoka, maana Kabuku si mbali. Alilia kwa sababu ya kuku.

Nilipofika sekondari nikafundishwa habari za viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Mwalimu alichora ubaoni ndege wa visiwa vya mbali wenye midomo ya namna mbalimbali, na wenzangu walinakili midomo hiyo kwa rula. Mimi niliacha kuandika. Nilikuwa nimemwona kijogoo mwekundu juu ya paa la ghala. Niliwaona wakubwa wote, mmoja baada ya mwingine, wakiingia sufuriani kabla hawajaacha watoto wa kutosha, na wadogo waoga wakibaki kupanda mitetea kwa sababu hakuna aliyewaona wanafaa. Hakuna kuku aliyejipunguza. Hakuna aliyeshauriana na mwenzake. Kila kuku alizaliwa na ukubwa wake na woga wake, tofauti kidogo na nduguye, akaurithisha kama alipata nafasi. Na waliotoa nafasi walikuwa watatu, mtetea, mwewe na sisi. Mtetea alitaka mkubwa mwenye upanga mwekundu. Mwewe alitaka anayeonekana. Sisi tulimtaka yuleyule aliyetakwa na mtetea, ila tulimtaka na ugali. Kati ya watatu hao, sisi ndio tulioshinda. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila mwaka yuko mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba kuku waliamua kuwa wadogo ili wasichinjwe. Nampa sifuri kwa huruma, kwa sababu namjua, ndiye mimi.

Nikiwa chuo cha ualimu nilikwenda nyumbani likizo na hamu kubwa ya kumweleza Bibi. Miaka yote hiyo alikuwa akiilaumu ardhi, na kujilaumu yeye kwa kushindwa na ardhi, na mimi nilikuwa nimeleta habari ya kumtua mzigo. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini vidole vilikuwa vinaona. Nilimkuta anachambua kunde kwenye ungo.

"Bibi," nikasema, "tuseme kila mgeni akija unatoa kwenye ungo huu kunde iliyo kubwa kuliko zote, unampa. Kila mgeni. Msimu wa kupanda ukifika utapanda zipi?"

"Zilizobaki."

"Na zilizobaki ni zipi?"

"Ndogo." Vidole vikasimama. "Unasema habari ya kuku wangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo si ardhi."

"Si ardhi. Wala si makaburi. Ni sisi. Tulikuwa tunachinja mbegu kila siku. Tungewachinjia wageni wale wadogo na kuwaacha wakubwa wapande, Shangazi angeondoka na kuku wa Kilole."

Akafikiri. Nilimwona anarudi nyuma, mgeni mmoja mmoja, jogoo mmoja mmoja, hadi kwa mkubwa wa mkoani, hadi kwa wale wazee wanne wa Kabuku. Nilidhani atasikitika, au atashukuru.

"Yaani mgeni angefika hapa mlangoni kwangu," alisema, "ametoka mbali, ameketi, na mimi nimpe kile kidogo, mkubwa anapita mbele yake?"

"Ndiyo, Bibi. Ndiyo njia pekee."

"Basi," alisema, akarudi kwenye kunde zake, "waache wawe wadogo."

Nilidhani hajalielewa somo, nikavuta ungo nianze upya. Akanipiga kofi mkononi, kidogo tu, akauvuta kwake. Imenichukua muda mrefu, hadi nikawa na mlango wangu mwenyewe na watu wa kubisha hodi, kujua kwamba Bibi alilielewa lote mara ya kwanza.